Pongezi kwa Fundi Mitambo

Lizombe, ngoma ya Wangoni, haijawahi kuomba kipaza sauti. Ngozi na vifua vya waimbaji vinatosha kuamsha kijiji jirani. Lakini kwenye harusi za Namtumbo siku hizi mwimbaji hushika maiki, na hapo ndipo namvulia kofia fundi mitambo. Sauti ikitoka kwenye spika ikaingia tena kwenye maiki, huzunguka na kukua mpaka mluzi unatoboa masikio. Watu wanazomea. Anayezomewa ni mwimbaji, maskini! Fundi hajibizani na mtu: anamrudisha mwimbaji nyuma ya spika, anapunguza ile sauti kali peke yake, si muziki wote. Mluzi unakatika. Wazomeaji walewale wanaingia kati, wanatuza.