Mnyama Mwenye Taji Kwenye Uso wa Skania

Simama kandokando ya barabara ya TANZAM pale Mbalizi, mahali malori yanapopumua baada ya kuumaliza mteremko wa Iwambi, uyatazame usoni yale yenye maandishi ya SCANIA. Mbele kuna alama ya duara, na ndani ya duara kichwa cha mnyama ambaye hayupo porini: mdomo wa tai, masikio yamesimama, taji kichwani. Utingo akishuka na kitambaa kufuta vumbi, mara nyingi huanzia hapo. Mnyama huyo ni grifini, mwili wa simba na kichwa cha tai, na kwao ni kwenye ngao ya jimbo la Skåne, kusini mwa Uswidi, ambalo kwa Kilatini ndilo Scania.

Mnyama huyohuyo aliwahi kukaa kwenye boneti la gari dogo lililoitwa Saab. Lori linaendelea kupita Mbalizi kila saa. Gari dogo limekufa, na unaweza kukaa stendi kuanzia asubuhi hadi taa ziwashwe usilione hata moja. Nalichambua leo kwa sababu watu wengi hulitaja kama gari la vituko, nami naona hawakulitendea haki. Karibu kila kituko cha Saab kilikuwa jibu la swali la kweli. Gari lilianza kufa pale maswali yalipokwisha, vituko vikabaki.

Jina Saab ni kifupi cha maneno ya Kiswidi yenye maana ya kampuni ya ndege ya Uswidi. Ilianzishwa mwaka 1937 kuunda ndege za kijeshi. Vita Kuu ya Pili ilipofika ukingoni, wakuu wake waliona oda za ndege zitapungua, na mwaka 1945 wakakusanya watu wapatao 16 wabuni gari. Ufundi ulisimamiwa na Gunnar Ljungström, mhandisi wa mabawa ya ndege, na umbo likachorwa na Sixten Sason. Inasimuliwa kwamba katika timu nzima, wenye leseni ya udereva walikuwa wawili tu. Huo haukuwa upungufu. Mtu ambaye hajazoea gari hana mazoea ya kumfunga mikono.

Walichokizoea wao ni upepo. Gari la kwanza kuuzwa, Saab 92, lilianza kutoka kiwandani Trollhättan Desemba 1949, yote ya mwanzo yakiwa ya kijani. Ukilitazama ubavuni unaona bawa: pua imeshuka, mgongo umeinuka taratibu na kuteremka hadi nyuma bila kona. Upepo uliteleza juu yake kwa urahisi kuliko kwenye magari mengi ya wakati ule, na hilo lilikuwa na maana kubwa kwa gari lenye injini ya silinda mbili na nguvu za farasi 25. Jambo jingine halikuonekana kwa macho. Matoleo ya mwanzo hayakuwa na mlango wa buti. Mzigo uliingizwa kwa ndani, nyuma ya kiti. Mnunuzi alinung'unika, lakini mhandisi wa ndege anajua kila tundu unalolikata kwenye bodi ni udhaifu unaoununua. Bodi ile ilikuwa ngumu kama yai. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye tope.

Sasa injini, na hapa ndipo penye utamu. Saab ilichagua injini ya mipigo miwili, ya silinda mbili kwanza, kisha tatu kwenye Saab 93 ya mwaka 1955 na Saab 96 ya mwaka 1960. Injini ya silinda tatu ilikuwa na vitu saba tu vinavyotembea: pistoni tatu, konrodi tatu na krenki moja. Haina vali, haina sampo ya oili. Oili unaichanganya na petroli kwenye tangi, kama wapasua mbao wa Mufindi wanavyofanya kwenye misumeno yao ya mashine. Ni injini nyepesi, rahisi kutengeneza, na kwenye baridi kali ya Uswidi inawaka bila kubembelezwa.

Lakini ina ugonjwa mmoja, na mtu wa Mbalizi atauelewa haraka kuliko msomaji wa Dar es Salaam. Tuseme gari hilo linashuka Iwambi. Dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, gia imo, matairi yanaisukuma injini izunguke kwa kasi. Kabureta imefunga. Petroli inapita kidogo sana, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, oili nayo inapita kidogo sana. Pistoni zinasuguana na silinda zikiwa karibu kavu. Kabla hujaziona nyumba za Mbalizi, injini imejam.

Dawa waliichukua kwenye baiskeli. Ukiacha kupiga pedeli, tairi la nyuma linaendelea kuzunguka lenyewe, likilia tik-tik-tik. Saab waliweka kifaa cha namna hiyo kwenye giaboksi. Ukiachia mafuta, injini inashuka kwenye sailensa na kupumzika na oili yake kidogo, gari linaendelea kuteleza kwa uzito wake. Faida ya ziada ni kwamba ungeweza kubadili gia bila kukanyaga klachi.

Kila dereva wa barabara hii anashtuka hapo, na ana haki. Kibao cha kwanza kichwani mwa dereva wa Iwambi, Mlima Nyoka au Kitonga kinasema usishuke nyutro, shuka na gia. Saab ilikuwa inashuka nyutro kwa makusudi ya kiwandani, breki ya injini hakuna. Kulikuwa na mkono wa kukifunga kifaa hicho, na gari lenyewe lilikuwa na kilo kama 800, kwa hiyo breki za miguu ziliweza kulibeba. Ukilipa semitrela la mafuta linaloelekea Zambia tabia hiyo, hakuna jema litakalosemwa. Ndiyo maana nasema kituko hupimwa kwa swali lake. Kifaa kilekile ni akili kwenye gari dogo na ni mauti kwenye lori.

Barabara za Afrika Mashariki ndizo zilizoonyesha dunia gari hili lina nini ndani. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, na kuitwa East African Safari tangu 1960, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, msimu wa mvua, kwenye udongo. Mwaka 1962 mwanamke wa Kiingereza, Pat Moss, alimaliza wa tatu akiwa na Saab 96. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mswidi Erik Carlsson, aliyekuwa ameshinda Monte Carlo mara mbili mfululizo, alikuwa akiongoza na Saab yake mpaka alipogonga muhanga. Mnyama mchimba mashimo akazima hesabu zote za wahandisi.

Mwaka uliofuata Carlsson akarudi na msaidizi wake Gunnar Palm. Tazama miguu ya Carlsson. Mguu wa kulia hauondoki kwenye mafuta, wa kushoto ndio unaokanyaga breki. Injini ndogo ya mipigo miwili ikishuka mzunguko inakosa nguvu, na kile kifaa cha giaboksi kinamnyima breki ya injini, basi anaivuta kwa mguu mmoja na kuizuia kwa mwingine. Gari linavutwa na matairi ya mbele, injini imekaa mbele ya ekseli, uzito mwingi uko juu ya matairi yanayofanya kazi. Aliyepanda Umalila masika, kwenye njia za viazi ambako udongo wa volkano unageuka sabuni, anajua lori tupu linavyohangaika kwa sababu nyuma hakuna mzigo wa kukandamiza matairi. Saab ilitembea na mzigo wake mahali pake siku zote.

Hata hivyo ilizama. Tope lilikuwa zito kiasi kwamba kusukuma mbele au nyuma hakukusaidia. Carlsson na Palm wakafanya kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha gari lolote: walilibinua ubavuni, likalala juu ya paa, wakaliendeleza mpaka likasimama tena kwa matairi yake, nje ya tope. Wakapanda, wakaondoka. Waandishi walipotia shaka, Carlsson akalibiringisha tena mbele yao. Naomba fundi ajiulize kwa nini liliweza kuwaka. Paa ni la mviringo, halina kona ya kukwama. Bodi ni ile ngumu ya watu wa ndege. Uzito ni wa kusukumwa na wanaume wawili, na Carlsson alikuwa pande la mtu. Injini haina sampo, kwa hiyo hakuna oili ya kumwagika likiwa kichwa chini. Hakuna aliyekaa Trollhättan akasema tubuni gari la kubiringishwa. Lakini majibu manne ya maswali manne tofauti yalikutana kwenye dimbwi moja la Afrika Mashariki. Carlsson alimaliza wa pili, nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes.

Moshi wa bluu wa mipigo miwili ulikuwa na siku zake. Mhandisi Rolf Mellde alipigania injini ya mipigo minne, na mwaka 1967 Saab 96 ikapewa injini ya V4 kutoka Ford ya Ujerumani. Mwaka huohuo ilitambulishwa Saab 99, gari kubwa zaidi. Mwaka 1969 kampuni ikaungana na Scania na kuwa Saab-Scania. Kwetu ndoa hiyo iliacha alama: kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kiliunganisha malori ya Scania, na mafundi wengi wa nyanda hizi walijifunzia kazi kwenye Skania.

Ndoa hiyo ilizaa turbo ya Saab, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote waliyofanya. Soko la Marekani lilitaka nguvu. Makampuni makubwa yalitengeneza injini ya silinda sita. Saab haikuwa na fedha za kubuni injini mpya. Upande wa malori ulikuwa na uzoefu wa turbo kwenye dizeli tangu miaka ya 1960: feni inazungushwa na moshi wa ekzosi, inasukuma hewa zaidi kwenye silinda. Dereva anayepandisha shehena kutoka Songwe kwenda Mbeya anaijua kazi yake, maana huku juu hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo inabaki inahema. Magari madogo ya turbo yalikuwepo kabla, lakini nguvu zilikuja kwa kishindo kwenye mzunguko wa juu, kama ya mashindano. Saab walitumia turbo ndogo inayoamka mapema, na vali ya kuachia presha inapozidi. Saab 99 Turbo ilitambulishwa mwaka 1977, injini ya lita mbili ikitoa nguvu za farasi 145. Mwaka 1978 ikafuata Saab 900, ndiyo ambayo wapenzi wengi wanaikumbuka.

Hata kituko kidogo kilikuwa na swali lake. Tundu la ufunguo la Saab hizo lilikuwa katikati ya viti viwili, jirani na gia. Sababu ni kwamba ajali ikitokea, ufunguo ulioko kando ya usukani unaweza kuvunja goti la dereva. Tena ufunguo ukitoka, gia inafungwa kwenye rivasi, mwizi hapati kitu. Jambo dogo, lenye sababu mbili.

Lakini kubuni kila kitu peke yako ni ghali, na Saab hata katika miaka yake mizuri iliuza magari laki moja na kitu kwa mwaka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 hasara zikaanza kuuma. Desemba 1989 General Motors ya Marekani ikakubali kununua nusu ya kitengo cha magari, na mwaka 2000 ikachukua yote. Wapenzi wa Saab huilaani GM. Mimi siilaani kwa pupa, kwa sababu ilivumilia hasara kwa miaka mingi. Kosa lake lilikuwa la kiufundi: ilijibu maswali ya Saab kwa majibu ya magari mengine. Saab 900 ya mwaka 1994 ilisimama juu ya chesesi ya Opel. Ikaja 9-2X, ambayo ni Subaru iliyobadilishwa sura. Ikaja 9-7X, gari kubwa la Chevrolet lililounganishwa Ohio. Kwenye hilo la mwisho walihamisha tundu la ufunguo, wakaliweka katikati ya viti. Swali lilikuwa limekwisha, kituko kikabaki kama bango.

Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulimaliza uvumilivu wa GM. Mapema 2010 Saab iliuzwa kwa Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi. Mwaka 2011 wauza vipuri wasiolipwa waliacha kuleta mali, laini ya kiwanda ikasimama, mishahara ikachelewa, na tarehe 19 Desemba 2011 ikafilisika rasmi. Mnunuzi aliyefuata, NEVS, aliunda magari machache, na mwaka 2014 akapoteza haki ya kutumia jina la Saab. Grifini hakuuzwa kabisa. Alikuwa wa Scania na wa kampuni ya ndege.

Kitu kimoja hakikufungwa. Kampuni ya spea ya Saab ilikuwa imetengwa na kiwanda, na ilikuwa na faida. Serikali ya Uswidi iliichukua kama dhamana ya mkopo iliokuwa imeudhamini, ikapewa jina la Orio, ikaendelea kuwauzia spea wenye magari yao.