Hukumu ya Portia ni somo bovu la mikataba

Mwalimu wa sheria ya biashara akitaka mfano mtamu wa mkataba, kesi ya Shylock na Antonio katika ‘Mabepari wa Venisi’ haikosi kutajwa. Aghalabu mfano huishia pale Portia anaposema nyama ikatwe ila damu isimwagike, darasa likacheka, kengele ikalia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo linapopotoka.

Hebu tuutazame mkataba wenyewe. Dukati 3,000 kwa miezi mitatu, bila riba. Deni lisipolipwa, mdai akate ratili moja ya nyama mwilini mwa mdaiwa. Swali la kwanza la kisheria ni iwapo huu ni mkataba kamwe. Sheria yetu ya mikataba, iliyojengwa juu ya ile ya Uingereza, haiyatambui makubaliano ya kutenda jinai. Ni batili tangu mwanzo, hata pande zote mbili zikiridhia. Portia haligusi swali hili. Anakubali kwamba hati ni halali, kisha anaiua kwa herufi zake. Ati nyama bila damu! Wakili akija na hoja hiyo Milimani leo, yamkini atachekwa.

Kimaadili mambo ni mabaya zaidi. Portia ni mke wa Bassanio, na ni kwa ajili ya Bassanio mkopo ulichukuliwa. Anaingia mahakamani kwa mavazi ya msomi wa sheria asiyeegemea upande wowote. Huo ni mgongano wa maslahi, tena uliofichwa. Shylock, pamoja na ukatili wake wote, alistahili mwamuzi huru.

Ndiposa naipenda tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kichwa cha Shakespeare kina mfanyabiashara mmoja, Nyerere ana mabepari. Neno lenyewe, lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha mfanyabiashara tu kabla siasa haijalipa sura ya mnyonyaji. Unaweza kusema Mwalimu alichomeka siasa yake. Sawa, lakini wingi huo unamtoa Shylock kizimbani peke yake. Antonio naye alitia sahihi kwa kutegemea meli zilizokuwa bado baharini, ili kumkopea rafiki aliyekwisha kufuja mali yake kwa anasa.