Setla, Mlowezi au Mkulima? Uhakiki wa Filamu ya Maria Chapdelaine (1934)

1. Utangulizi

Neno "setla" limekwisha kukaa katika Kiswahili cha Kenya, na lina uzito wake. Msikilizaji wa Kenya alisikiapo hamwoni mkulima yeyote tu aliyehamia penye ardhi mpya. Humwona Mzungu mwenye shamba kubwa, nyumba iliyojengwa juu ya kilima, mnyapara na vibarua. Maana hiyo haikubuniwa na watunga kamusi. Ililetwa na historia. Kwa sababu hiyo, mhakiki wa Kiswahili anapoikabili filamu ya Kifaransa inayohusu maisha ya watu waliohamia msituni na kulima, swali la kwanza analokutana nalo ni la lugha: watu hawa awaiteje?

Makala haya yanakusudia kuihakiki filamu ya Maria Chapdelaine, iliyoongozwa na Julien Duvivier mwaka wa 1934, kwa jicho la msomaji wa Nyamira. Hoja yetu ni kwamba filamu hiyo inastahili kusifiwa kwa jinsi inavyoonyesha jasho la mkulima mdogo, lakini inalitumia jasho hilo kama hati ya kumiliki ardhi. Kulitaja jasho ni haki ya msanii. Kulichunguza dai linalojengwa juu yake ni wajibu wa mhakiki.

2. Chimbuko na hadithi

Filamu imetokana na riwaya ya Louis Hémon, Mfaransa aliyezaliwa Brest mwaka wa 1880. Mwaka wa 1912 Hémon alifanya kazi ya kibarua shambani huko Péribonka, karibu na ziwa Saint-Jean katika jimbo la Quebec, Kanada. Mwaka uliofuata aligongwa na garimoshi akafa, kabla riwaya yake haijachapishwa. Ilitoka kwanza kwa mfululizo katika gazeti moja la Paris mwaka wa 1914, ikatolewa kama kitabu Montréal mwaka wa 1916 na Paris mwaka wa 1921. Duvivier alikwenda Péribonka kwenyewe kupiga sehemu ya picha zake, na filamu yake ikatunukiwa tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa mwaka ule ule wa 1934.

Hadithi ni nyepesi. Maria (Madeleine Renaud) anaishi na wazazi wake mbali na parokia, mahali ambapo msitu haujamalizwa kufyekwa. Anampenda François Paradis (Jean Gabin), mtu wa misituni, lakini François anapotea katika theluji akija kumwona. Wanabaki wachumba wawili: Lorenzo Surprenant (Jean-Pierre Aumont), anayemwahidi maisha ya mji huko Marekani, na Eutrope Gagnon (Alexandre Rignault), jirani anayefyeka msitu kama baba yake Maria. Mama anaugua na kufa. Maria anamchagua Eutrope, yaani anachagua kubaki.

3. Jasho la mkulima

Nguvu ya filamu imo katika kuiangalia kazi. Samuel Chapdelaine hana mnyapara. Yeye na wanawe wanakata miti, wanang'oa visiki na wanangojea majira mafupi ya joto ili wapate nafaka na majani ya mifugo. Hapa ndipo neno letu "setla" linaposhindwa. Katika Kifaransa cha Quebec, neno "colon" humtaja mtu wa namna hii, aliyepewa kipande cha msitu ili akigeuze kuwa shamba kwa mikono yake. Tukimwita Samuel setla, tutakuwa tumempa shamba kubwa na mnyapara ambao hakuwa nao.

Msomaji wa Nyamira anao mfano wa karibu zaidi. Eneo la Borabu, linalopakana na Sotik, lilikuwa sehemu ya nchi iliyotengewa Wazungu wakati wa ukoloni. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanzishwa mwaka wa 1962, mashamba hayo yalinunuliwa na kugawanywa, na familia za Wagusii zikahamia huko kutoka sehemu zilizokuwa zimejaa watu. Walipata ardhi pamoja na deni la kuilipia. Kwa watu hao hadithi ya Samuel si ngeni: kuiacha jamaa, kuanza upya mahali pasipo jirani, kuhesabu mwaka kwa mavuno na kwa malipo.

Mhusika aliyechorwa vizuri kuliko wote, kwa maoni yetu, ni mama, Laura, anayeigizwa na Suzanne Desprès. Samuel ni mtu asiyetulia: kila parokia inapoanza kujaa, yeye hutamani kuhama tena. Laura humfuata, huku moyo wake ukibaki katika nchi ya zamani yenye kanisa na majirani. Uchungu wa kuanza upya unaangukia jikoni zaidi kuliko penye shoka. Jambo hili linafaa kukumbukwa pia tunapoandika habari za skimu za makazi, ambako jina lililoandikwa kwenye hati mara nyingi lilikuwa la mume, na mikono iliyopalilia ikawa ya mke.

4. Fani: kifo katika theluji

Katika riwaya, kifo cha François kinaletwa kwa maneno. Jirani anakuja na habari, naye anatumia kitenzi cha wenyeji, "s'écarter", ambacho maana yake ya kawaida ni kutoka kando ya njia. Kwa watu wa msituni, aliyetoka kando ya njia wakati wa baridi hatarudi. Ni tafsida, na ukali wake umo katika upole wake. Duvivier aliamua kutuonyesha kile ambacho Hémon alitusikilizisha: tunamwona François akipambana na theluji hadi nguvu zinamwishia. Picha hizo zinashika moyo, lakini pana kilichopotea. Riwaya inatuweka ndani ya nyumba pamoja na Maria, tukingoja bila kujua. Filamu inatupa ujuzi ambao Maria hana, na kwa hiyo huruma yetu kwake inakuwa ya mtazamaji aliye nje. Mwalimu anayefundisha tofauti ya usimulizi na uonyeshaji hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Kasoro nyingine ni ya lugha. Wahusika wakuu wameigizwa na Wafaransa, na Renaud mwenyewe alitoka katika jukwaa la Comédie-Française. Wakulima wa Péribonka wametoa mandhari na nyimbo, lakini vinywa vinavyowasemea vimeletwa kutoka ng'ambo.

5. Ardhi iliyonyamaziwa

Wakulima wa Quebec walikuwa na msemo wenye maana ya "kutengeneza ardhi". Ndani ya msemo huo umo udhanifu mzima: kwamba kabla ya shoka hapakuwa na ardhi, palikuwa na msitu tu. Lakini kando ya ziwa lile lile Saint-Jean waliishi, na hata leo wanaishi, Wainnu, waliotengewa eneo la Mashteuiatsh mwaka wa 1856. Katika riwaya wao ni watu wa pembeni, wanaouza manyoya kwa François. Hakuna mhusika anayeuliza msitu ulikuwa wa nani, na filamu inaurithi ukimya huo.

Ukimya huo ulikuwa na kazi. Kati ya miaka ya 1840 na 1930 takriban watu 900,000 waliihama Quebec kwenda Marekani, wengi wao wakifuata kazi za viwandani. Katika hali hiyo uamuzi wa Maria ulisomwa kama fundisho: baki, fyeka, zaa. Katika riwaya anasikia sauti za nchi zikimwita, na ya mwisho inanena kama padri. Msichana aliyefiwa anabebeshwa mzigo wa taifa zima, na kubaki kwake kunakuwa ushahidi kwamba nchi ni ya wanaobaki.

Borabu inatufundisha kwamba jambo hili si rahisi hivyo. Nchi ile ilikuwa ya malisho mpakani mwa Wagusii na Wakipsigis kabla ya mashamba ya Wazungu, na mapigano ya mpakani ya mwaka 1992 na ya mwanzo wa 2008 yalionyesha kwamba jasho na hati havikumaliza swali la nani alitangulia. Mkulima wa skimu ana haki yake. Lakini haki hiyo hailindwi kwa kusema kwamba hapo zamani hapakuwa na mtu.

6. Hitimisho

Tunapendekeza kwamba anayeitafsiri au kuifundisha kazi hii atumie neno "mlowezi". Linatokana na kulowea, yaani kuhamia mahali na kufanya makao hapo. Linataja tendo bila kutoa hukumu ya haki. "Setla" linamdhulumu Samuel kwa kumpa utajiri asiokuwa nao. "Mkulima" linamfichia safari aliyofanya. Na "mwanzilishi", neno ambalo filamu yenyewe ingelipenda, linawafuta Wainnu. Kulichagua neno moja kati ya hayo ni kuchagua upande katika habari ya ardhi, na mfasiri anayelichagua bila kufikiri atakuwa amechaguliwa upande na filamu.