Jirani, Salamu na Umbali: Uhakiki wa Istilahi za Uelekezaji katika Mitandao

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, wala kwa ukale wa asili yake. Hupimwa pale inapotumika. Mahali pamoja pa kuifanyia jaribio hilo ni Theta, katika Kaunti ya Kiambu, baina ya Ruiru na Thika, si mbali na Juja kiliko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Fundi wa mitandao wa sehemu hizo huiandikia swichi amri za Kiingereza, kisha hana budi kumweleza mwenziwe alichokifanya, na aghalabu wawili hao hawana lugha moja ya mama. Makala haya yanachunguza iwapo Kiswahili cha maelezo hayo humwongoza msikilizaji au humpoteza.

Na ichukuliwe mifano ya swichi tatu, moja Ruiru, ya pili Theta, ya tatu Thika, zilizounganishwa kwa umbo la pembetatu. Fundi aweza kuandika kila njia kwa mkono. Hiyo ndiyo njia tuli. Waya wa Theta ukikatika, njia tuli yaweza kubaki vile vile, ikipeleka data kusikofika, mpaka mtu aje airekebishe. Ama akiweka itifaki ya uelekezaji badilifu, swichi hupashana habari zenyewe, na data ya Ruiru ikafika Thika kwa waya uliosalia. Kazi yote ya uelekezaji badilifu imo katika kupashana huko.

Kwa hiyo neno itifaki limechaguliwa vyema. Neno la Kizungu linatokana na Kiyunani, na maana yake ya asili ni karatasi ya kwanza iliyogundishwa kwenye kitabu cha kukunjwa. Halimwambii mwanafunzi chochote juu ya swichi. Itifaki, kwa upande wake, ni ndugu wa afiki na mwafaka. Msomaji anayeikumbuka Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, anajua tayari kwamba hayo ni mapatano ya walio sawa, ambao kila mmoja hubaki na mamlaka yake.

Jirani na salamu nayo ni maneno yaliyokaa mahali pake. Katika OSPF, itifaki iliyochapishwa kwanza mwaka 1989, swichi zilizo kwenye waya wa kawaida wa Etheneti hupeana salamu kila baada ya sekunde 10, na jirani akinyamaza kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa amekufa. Zaidi ya hayo, salamu hutaja majina ya majirani waliokwisha kusikika, na swichi haiukubali ujirani mpaka ione jina lake katika salamu ya mwenzake. Mswahili haoni ajabu hapo, kwani salamu isiyoitikiwa si salamu kamili. Kitenzi kuamkiana, kwa kiambishi chake cha kutendana, chaeleza sharti hilo ambalo nomino ya Kiingereza imeliacha kimya.

Kasoro huanza pale mfasiri anapoacha kazi ya kitu akafuata umbo la neno. Mfano mbaya kuliko yote ni umbali wa kiutawala. Katika vifaa vya Cisco, namba hiyo ni 110 kwa OSPF, 120 kwa RIP, na 1 kwa njia tuli. Mwanafunzi asikiapo umbali atadhani zinapimwa maili au vituo, naye hana kosa, kwa maana neno ndilo lililomdanganya. Kwa hakika namba hizo zaonyesha ni habari ya nani iaminiwe kwanza, pale wasimuliaji wawili wanapotaja njia za kufikia mahali pamoja. Anayezidhania kuwa ni masafa ataweka njia tuli ya muda siku ya hitilafu, aisahau, asijue kwamba ile 1 imezinyamazisha habari zote za majirani. Siku njia hiyo itakapoharibika, zahanati au shule iliyo mwisho wa waya yaweza kukatika, ilhali njia nyingine nzima ipo.

Istilahi ifaayo ni daraja la kuaminika. Kila aliyepita shuleni anajua kwamba daraja la kwanza lashinda la pili. Hivyo udogo wa namba haumtatizi mtu.

Gharama nayo yahitaji tahadhari. Katika OSPF hiyo si fedha. Kwa hesabu ya kawaida ya Cisco, megabiti 100 kwa sekunde hugawanywa kwa kasi ya waya: waya wa megabiti 10 hupata 10, na wa megabiti 100 hupata 1. Neno uzito lingefaa zaidi, kwa kuwa mzigo mzito hukwepwa na kila mchukuzi.

Wako wasemao kwamba, maadamu amri ni za Kiingereza, istilahi za Kiswahili ni anasa. Hoja hiyo haisimami. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikifasiri kile kionekanacho kwenye skrini, na hiyo ilikuwa hatua ya maana. Kwenye swichi, amri zaweza kubaki zilivyo. Kinachohitaji Kiswahili ni sababu ya kuziandika. Basi kabla istilahi haijaidhinishwa, na aulizwe fundi wa Theta swali moja: waya huu ukikatika, kutatokea nini? Akiweza kujibu kutokana na neno lenyewe, istilahi hiyo imefaulu. Umbali wa kiutawala haumpi jibu hilo, na kwa hiyo haustahili kuingizwa kamusini.