Dokumentari Nzuri ya Historia ya Weusi Hutambulikaje?

Dokumentari kuhusu historia ya Weusi wa Marekani zimekuwa nyingi, na nyingi zinafanana: muziki mzito chini ya picha za maandamano, profesa mbele ya rafu ya vitabu, kipande kilekile cha hotuba ya Martin Luther King. Mtazamaji anayetaka kujifunza azichuje kwa maswali mawili. Anayesema alikuwepo? Na picha hizi alizipiga nani?

Kwa swali la kwanza, hakuna iliyoishinda Eyes on the Prize. Henry Hampton, ambaye mwenyewe aliandamana kudai haki za Weusi mjini Selma mwaka 1965, aliitengeneza kupitia kampuni yake ya Blackside mjini Boston. Sehemu 6 zilirushwa mwaka 1987, nyingine 8 mwaka 1990. Sharti lake lilikuwa gumu: waketi mbele ya kamera waliohusika wenyewe, wataalamu wakae pembeni. Tena waliohusika wa pande zote. Laurie Pritchett, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Albany, Georgia, anaeleza kwa utulivu kabisa jinsi alivyochunguza mbinu za King, akawazuia askari wake wasitumie nguvu, akapanga nafasi katika jela za maeneo ya jirani ili ya kwake isijae. Hakuna anayemkatiza wala kumsuta. Mtazamaji anaelewa kutoka kinywani mwa mpinzani kwa nini harakati za Albany za mwaka 1961 na 1962 zilikwama, na anaelewa pia kwamba ushindi uliofuata kwingineko haukuja kwa ujasiri peke yake. Ulipangwa.

Leseni za picha na nyimbo za filamu hiyo zilipoisha katikati ya miaka ya 1990, haikurudi kwenye televisheni hadi mwaka 2006. Inaumiza kufikiria kwamba vijana wa muongo mzima walinyimwa kumbukumbu hiyo kwa sababu ya hakimiliki.

Swali la pili linajibiwa vizuri na The Black Power Mixtape 1967-1975 ya Göran Hugo Olsson, iliyotoka mwaka 2011. Picha zake zilipigwa na waandishi wa televisheni ya Sweden, na filamu inakiri hilo tangu mwanzo: haidai kusimulia habari yote, inaonyesha walichokiona wageni hao. Uungwana huo ni adimu. Katika mahojiano ya gerezani, mwanaharakati Angela Davis anaulizwa kuhusu matumizi ya nguvu. Anarudi Birmingham alikozaliwa, kwenye mabomu yaliyotikisa mtaa wao na wasichana wanne waliouawa kanisani mwaka 1963. Kamera inamng'ang'ania usoni. Mhariri wa pupa angebandika hapo picha za vifusi na kinanda cha huzuni. Huyu aliacha sauti ya mwanamke ifanye kazi.

Utamaduni nao una mtego wake, kwani waongozaji wengi hutumia nyimbo kama pambo. Summer of Soul ya Questlove, iliyopata tuzo ya Oscar kwa mwaka 2021, inaepuka mtego huo kwa kiasi kikubwa, ingawa mara nyingine maneno yanafunika wimbo ambao ungestahili kusikika wote. Imejengwa juu ya kanda za Hal Tulchin, aliyerekodi takriban saa 40 za tamasha la Harlem la mwaka 1969; nyingi zilikaa karibu miaka 50 bila kutumika. Sehemu bora ni ya tarehe 20 Julai, binadamu alipotua mwezini: watu wa Harlem wanaulizwa maoni yao, nao wanajibu kwamba fedha za safari hiyo zingewalisha maskini. Baada ya hapo, kila wimbo unasikika kwa maana nyingine.

I Am Not Your Negro ya Raoul Peck, Mhaiti aliyeishi Kongo utotoni, imejengwa juu ya maneno ya mwandishi James Baldwin, yakisomwa na Samuel L. Jackson. Baldwin ameshakufa, lakini shahidi ni yeye.

Kwa Mtanzania ipo A Panther in Africa ya mwaka 2004, kuhusu Pete O'Neal, kiongozi wa Black Panther wa Kansas City aliyekimbia Marekani na kuweka makazi karibu na Arusha. Haina umaarufu wa hizo nyingine, lakini inastahili kutafutwa.

Mwenye jioni moja tu aanze na sehemu ya kwanza ya Eyes on the Prize, inayohusu mauaji ya kijana Emmett Till na ususiaji wa mabasi wa Montgomery, na aitazame pamoja na watoto wake wakubwa.