Kipofu au Asiyeona? Uhakiki Mfupi wa Lugha ya Tangazo la Kazi

Ngeli ya KI-VI imetushughulisha kwa miaka mingi darasani. Kipofu, kiziwi, kiwete: nomino zimebeba kiambishi cha kitu, ilhali upatanisho ni wa mtu (kipofu amefika). Wengi wetu tumehamia "mtu asiyeona", nami nimeunga mkono. Lakini ziara moja ya Gitaza, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, ilinitia shaka kama tunahakiki palipo na kasoro.

Nilikuwa kwa rafiki, karibu na wanapoanika ndagala. Jirani yake, kijana asiyeona aliyehitimu masomo, aliniletea tangazo la nafasi za ualimu lililoandikwa kwa Kifaransa. "Mwalimu, unisomee polepole." Hapakuwa na neno la kumtusi hata moja. Palikuwa na sharti hili, nalitafsiri: barua ya maombi iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe.

Akanyamaza, kisha akauliza: "Nukta nundu ninazopiga mimi, hizo si mkono wangu?"

Tuitazame sentensi hiyo. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na kinamhusu kila mtu bila kumtaja yeyote. Hakuna aliyekataliwa, ni barua tu ambayo haikutimiza masharti. Dada yake katika matangazo ya Kiswahili ni ile ya "awe na afya njema ya mwili na akili". Afya ya kufanya nini? Haisemwi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataka mtu mwenye ulemavu atajwe kwa namna isiyomdhalilisha, na hapo hapo inampa haki ya kutumia nukta nundu. Sisi walimu wa lugha tumelishika la kwanza, la pili tumelisahau. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Safaricom imlipe fidia ya shilingi 500,000 mwombaji asiyeona, kwa kuwa kompyuta ya usaili haikuwa na programu ya kumsomea skrini. Huko nako shida haikuwa jina aliloitwa. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2014, ikatunga sheria yake Januari 2018. Watunga matangazo bado wananakili masharti ya zamani.

Wako watakaouliza ataandikaje ubaoni. Wawaulize walimu wasioona wanaofundisha Kenya na Tanzania.

Nasi hatumo nje ya lawama. Tunapofundisha barua ya kuomba kazi, wengi hutenga alama za mwandiko. Nilizitenga mimi pia, hadi muhula uliopita.

Barua ya Gitaza tuliimaliza jioni ile, yeye akitamka, mimi nikiandika. Kiswahili chake hakikuhitaji kusahihishwa. Mwandiko uliopelekwa ni wangu, na jina chini yake ni lake.