Macho ya wazee na hesabu ya wataalamu: juu ya filme moja ya Wainuit

Katika kurasa hizi tunaongea kila mara juu ya mila zetu. Safari hii tunaenda mbali, kwa Wainuit wa kaskazini ya Canada, kwa sababu swali lao ni lile lile tunalojiuliza katika mikutano yetu: elimu ya wazee iko na kazi gani leo?

Filme inaitwa Qapirangajuq. Ilitoka mwaka 2010, kazi ya Zacharias Kunuk, Mwinuit wa Igloolik, pamoja na mtafiti Ian Mauro. Kunuk ni yule aliyepata zawadi ya Caméra d'Or kule Cannes mwaka 2001 kwa filme yake Atanarjuat. Katika Qapirangajuq wazee na wawindaji wanaongea Inuktitut, lugha yao, na hakuna profesere anayekuja nyuma kuwafasiria. Hiyo ndiyo nguvu yake. Tumezoea filme ambamo mzee anaonekana dakika moja, kiisha sauti ya mgeni inafunika yake.

Wazee wanasema nini? Barafu ya bahari si ile waliyojua. Hata jua halitokei tena mahali pake. Wanasema dunia imeinama. Wataalamu walikataa kabisa. Lakini Mauro alieleza kwamba hewa ya joto ikilala juu ya hewa ya baridi inapindisha mwanga, na jua linaonekana mahali pengine. Basi jicho liliona sawa, ijapo sababu ilikuwa ingine.

Hiyo si mara ya kwanza. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwakataza Wainupiat wa Alaska, ndugu za Wainuit, kuwinda nyangumi mkubwa wa barafu, ikiogopa kwamba hawafiki hata 2.000. Wawindaji walibisha: munahesabu tu wale wanaopita katika maji wazi, na wengine wanapita chini ya barafu, wanaivunja kwa kichwa ili wapumue. Walipotia ndani ya maji vyombo vya kusikia sauti, ikaonekana ni kweli. Hesabu ya mwaka 2001 ilipita 10.000, na ya 2011 ilikaribia 17.000. Ni kweli nyangumi walizaana pia, lakini hesabu ya kwanza ilikuwa imeacha wengi.

Sasa lawama yetu. Juu ya dubu weupe, filme haifanyi kazi hiyo ya kupima. Wazee wanasema dubu hawapungui, tena wanalaumu elikoptere na mikanda ya shingoni ya watafiti. Filme inaishia hapo. Lakini upande wa magharibi wa Hudson Bay wataalamu walikadiria dubu 842 mwaka 2016, na 618 tu mwaka 2021. Barafu ikikosekana, dubu anakaa siku nyingi inchi kavu, karibu na watu. Kijiji kinaweza kuona wengi wakati jumla inapungua. Hakuna aliyedanganya, ni vile hawakuketi pamoja. Filme ingewaketisha.

Iko jambo lingine zito zaidi. Elimu ya wazee ilijengwa juu ya bahari iliyorudia desturi zake kila mwaka. Leo nyangumi muuaji anaingia Hudson Bay kwa sababu barafu haimzuii tena, na samaki wadogo wa maji yenye joto kidogo wamechukua nafasi ya wale wa baridi katika chakula cha ndege. Mzee atamfundisha kijana alama gani, kama barafu yenyewe haifuati tena alama? Hapo mila haitoshi kuwekwa akiba kama vyombo vya musée. Inapaswa kuendelea kuangalia na kuuliza.

Na sisi? Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa Tanganyika linapata joto, maji ya chini na ya juu hayachanganyiki sawa zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Wavuaji wa Uvira na Kalemie, wanaotafuta ndagala kila usiku wa giza, wako na maneno yao juu ya jambo hilo. Ndugu msomaji, tuyaandike: mahali, mwezi, mwaka, na jina la samaki katika lugha ya mvuaji. Kiisha tuyapeleke mbele ya wataalamu, si kwa kuabudu wala kwa kudharau. Wazee hawatatungojea.